Kutoka Boxer hadi pikipiki kubwa ya lami: shajara ya mradi, Mbeya

Novemba

Mradi huu unaanza na jambo moja ambalo halijadiliwi tena: Boxer BM 150 haiuzwi. Itaendelea na kazi yake ya kupeleka vifaa vya pampu za maji kwenye mashamba ya Inyala, Igurusi na Chimala, kwenye njia za udongo ambako sijaona pikipiki nyingine ninayoweza kuiamini zaidi. Kinachotafutwa ni pikipiki ya pili, ya lami tupu, kwa ajili ya safari za Tukuyu, Kyela, Chunya na Makambako, na mara mojamoja Iringa, barabara ambazo kwa sasa ninazipita kwa injini yenye nguvu za farasi 12 hivi na gia nne, huku malori ya Tunduma yakinifuata kwa karibu kuliko ninavyopenda.

Usalama ndio sababu ya kwanza na raha ndiyo ya pili, wala sioni haja ya kuificha hiyo ya pili. Boxer iliyobeba mtu na mzigo ikianza kupanda Mlima Nyoka kuja Uyole huishia kwenye gia ya pili, na kasi yake hushuka mpaka ikawa kikwazo kwa mabasi na magari madogo yanayotoka Makambako. Mwendeshaji mwenye kasi ndogo kuliko msafara hana mahali pake barabarani. Husukumwa pembeni, kwenye kokoto na ukingo uliolika, akabaki kutegemea hisani ya dereva ambaye huenda hata hajamwona. Pikipiki inayoweza kwenda sawa na msafara, ikalipita lori kwa sekunde chache na kurudi upande wake, humrudishia mwendeshaji uhuru wa kuchagua mahali pa kukaa.

Aina niliyoamua kuitafuta ni ile ya pikipiki za kisasa za barabarani zisizo na kava la mbele, ambazo injini, rejeta na fremu vyote viko wazi, usukani ni mpana na umeinuka, na mwendeshaji hukaa karibu wima badala ya kulalia tangi. Hapa nitaziita pikipiki wazi. Umbo lao la kisasa lilijulikana duniani tangu Ducati ilipoonyesha Monster mwaka 1992, na leo viwanda vyote vinne vikubwa vya Japani vina ya kwao ya ukubwa wa kati. Ndugu zangu wameniuliza kwa nini nisichukue pikipiki ndefu ya safari yenye kioo cha upepo. Jibu langu ni kwamba hizo hujengwa kwa ajili ya njia mbaya ambazo tayari nina Boxer ya kuzipita, nazo ni nzito na kiti chake kiko juu mno kwa mtu wa sentimita 168 anayesimama kwenye foleni ya Kabwe akiwa na abiria. Zile za mbio zenye kava kamili niliziondoa mapema zaidi, kwa sababu kava likipasuka hapa kwetu halipatikani, na fundi hulazimika kulivua kila anapotaka kufikia plagi. Kuhusu upepo, ninauhesabu kuwa sehemu ya mpango. Huanza kuchosha kifua mtu akikaribia kilomita 110 kwa saa, nami sina sababu ya kufikia kasi hiyo katika barabara ambayo kila baada ya muda mfupi ina kijiji, kibao cha 50 na watoto wanaovuka kwenda shule.

Desemba

Mwezi huu ulikuwa wa kalamu na karatasi, na hesabu iliyochukua nafasi kubwa ni ya hewa. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Isyonje kwenye njia ya Tukuyu inazidi mita 2,000, na barabara ya Chunya hupanda Kawetere hadi juu ya mita 2,400. Injini isiyo na tabo, yaani feni ya kuisukumia hewa, huvuta hewa kwa ujazo uleule popote ilipo, lakini huku kwetu ndani ya ujazo huo hewa imepungua, na nguvu hupungua nayo kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa mjini Mbeya hiyo ni takriban sehemu moja ya sita. Farasi 12 za Boxer zikifika Mwanjelwa ni 10, na hii ndiyo sababu pikipiki ileile ikishuka Kyela, ambako Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, huonekana kana kwamba imewekewa injini nyingine.

Kabureta huongeza tatizo la pili, kwa sababu ikipangwa kwa ajili ya pwani huendelea kumimina petroli ileile hata hewa inapopungua, plagi zikawa nyeusi na mafuta yakapotea bure. Mfumo wa injekta una kihisio kinachopima mgandamizo wa hewa, na kompyuta ya injini hupunguza petroli kulingana na kipimo hicho. Haurudishi hewa iliyokosekana, lakini huhakikisha kwamba inayopatikana inaungua vizuri, iwe Isyonje asubuhi au Kyela mchana wa siku hiyohiyo. Kwa hiyo sharti la kwanza la mradi limeandikwa: injekta, hakuna kabureta. Faida ndogo ya milima yetu ni kwamba hewa nyepesi hupunguza hatari ya injini yenye mgandamizo mkubwa kugonga, yaani petroli kuwaka ovyo ndani ya silinda, jambo linalonitoa wasiwasi kuhusu injini za kisasa zenye uwiano wa 11 kwa 1 au zaidi kidogo.

Sharti la pili linahusu mahali nguvu inapopatikana. Watu wengi huulizana farasi ngapi, lakini farasi wanaoandikwa kwenye karatasi hupatikana karibu na kikomo cha mizunguko ya injini, na hakuna anayepanda kutoka Kiwira kwenda Isyonje nyuma ya lori la ndizi akiwa kwenye kikomo. Anapanda kwa mizunguko 3,500 hadi 5,000 kwa dakika, akingoja upenyo. Ninachokitafuta ni nguvu ya msokoto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha gurudumu, katika eneo hilo, ili upenyo ukifunguka pikipiki iitikie hapohapo, bila kulazimika kushusha gia mbili kwanza.

Januari

Majina yaliyobaki mezani yamekuwa machache, na kila moja limepimwa kwa sharti la pili.

Honda CB400 Super Four ndiyo iliyoshika moyo wangu kwa muda mrefu kuliko zote. Ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kuanzia mwaka 1992 hadi 2022, ina silinda nne mstari mmoja, na sauti yake ikifunguliwa ni nzuri kuliko ya pikipiki yoyote ya ukubwa huo. Matoleo ya mwisho hutoa farasi 56, lakini kwa mizunguko 11,000, na msokoto wake wa juu, nyutoni-mita 39, unapatikana kwa mizunguko 9,500. Ukiondoa sehemu moja ya sita kwa ajili ya hewa yetu, kinachobaki katika mizunguko 4,000 hakitoshi kuhamisha watu wawili mlimani bila kuikaripia injini. Zaidi ya hayo, kwa Wajapani leseni ya kawaida ya pikipiki huishia cc 400, kwa hiyo pikipiki za ukubwa huo hushindaniwa sana kwao, na tangu hii ilipoacha kutengenezwa bei zake za mkononi zimepanda. Niliiondoa kwa huzuni.

Honda CB500F, ya silinda mbili na cc 471, ni chaguo la mtu mwenye busara: kilo 189 ikiwa imejaa mafuta, tangi la lita 17 na farasi 47 hivi, kwa sababu ilipangwa ilingane na ngazi ya leseni ya Ulaya inayoishia kilowati 35. Hapa Mbeya farasi hao ni 39. Zinatosha kwa mtu mmoja. Kwa wawili wanaopanda Kawetere, naona tutarudi kwenye hali ya kuhesabu upenyo.

Zilizobaki ni tatu za ukubwa wa cc 650 hadi 700. Kawasaki Z650 ina farasi 68, uzito wa kilo 187 na kiti cha milimita 790, kiti kinachonifaa. Suzuki SV650 ina silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V ya nyuzi 90, na injini yake imekuwapo tangu mwaka 1999 ikiendelea kuboreshwa. Yamaha MT-07, iliyotoka mwaka 2014, ina cc 689, farasi 73 hivi, nyutoni-mita 68 kwa mizunguko 6,500 tu, na uzito wa kilo 182 ikiwa na breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge. Ukiweka namba hizo kando ya za CB400 utaona jambo lenyewe: msokoto wa MT-07 unakaribia kuwa mara mbili, na unafika mizunguko 3,000 mapema zaidi.

Injini ya MT-07 inastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nisome usiku. Silinda zake mbili zimesimama sambamba, lakini kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, imekatwa kwa nyuzi 270, hivyo pistoni moja inapofika juu na kusimama kwa nukta ile ya kugeuka, nyenzake iko katikati ya safari ikiwa na kasi. Mlipuko wa kwanza hufuatwa na wa pili baada ya nyuzi 270, kisha kunakuwa na pumziko la nyuzi 450, mpangilio uleule wa injini ya V ya nyuzi 90. Kwa kuwa pistoni hazisimami kwa pamoja, mzunguko wa kranki hausukwi-sukwi na uzito wao, na kinachofika kwenye tairi la nyuma ni msukumo wa mwako wenyewe, ambao mkono wa kulia unaweza kuupima. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, na lami yake hubeba tope la mashamba ya viazi kwa miezi mingi ya mwaka. Kujua tairi linafanya nini chini yako kuna maana huko.

Februari

Nilikwenda Mwanjelwa kwa fundi aliyeitunza Boxer tangu nilipoinunua, mzee aliyeanza na pikipiki za Kijapani za miaka ya themanini kabla Wahindi na Wachina hawajafika. Sikwenda kumwomba ruhusa, lakini nisingenunua pikipiki ambayo yeye hataki kuigusa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unataka kututoroka."

Nilimwekea picha na vipimo mbele yake. Alizitazama kwa muda, akauliza maswali ambayo wauzaji hawaulizi: kichujio cha oili kiko upande gani, rejeta ina kinga gani ya kokoto, valvu zinarekebishwa kwa skrubu au kwa vidonge vya chuma. Nilipomwambia ni vidonge, akatikisa kichwa na kusema atahitaji mikromita, kifaa cha kupima unene mdogo sana, na kitabu cha matengenezo. Nilipoongeza kwamba kitabu cha MT-07 kinataka valvu zikaguliwe kila kilomita 40,000, akacheka kwa furaha ya kweli.

"Mwanangu, mkono wangu hauogopi injini yoyote. Unachoogopa ni kusubiri spea. Nipe kitabu, na wewe mwenyewe hakikisha cheni, pedi na tairi vipo ndani kabla havijahitajika."

Hapo ndipo sharti la tatu lilipoandikwa. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa; kifurushi cha basi la usiku hufika kesho yake, lakini kilichopo Dar ni kile tu ambacho mtu alikwisha kukiagiza. Cheni ya Boxer ni saizi 428 na inauzwa katika kila duka la pikipiki. Z650 na SV650 hutumia 520, MT-07 hutumia 525. Tairi la nyuma la Z650 na SV650 ni 160/60 la inchi 17, la MT-07 ni 180/55, pana zaidi na ghali zaidi. Katika jambo hili MT-07 inashindwa, na nimeliandika kwa kalamu nyekundu. Kinachopunguza uzito wa tatizo ni kwamba tairi za aina hizi zote hazina tyubu, kwa hiyo msumari huzibwa kwa plagi ya mpira barabarani bila kuvua gurudumu, kazi ambayo kwenye Boxer hutaka fundi, karai la maji na nusu saa.

Oili haina tatizo. Inatakiwa iwe na alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, kwa sababu klachi imo ndani ya oili hiyohiyo na oili ya gari ndogo yenye vilainishi vingi huifanya iteleze. Inapatikana Mbeya mjini na Iringa.

Machi

Matuta. Karatasi za watengenezaji hazijui matuta, na mwandishi wa Ulaya akipitia pikipiki hizi hataji kabisa kimo cha tumbo lake. Z650 ina milimita 130 kutoka ardhini, SV650 ina 135, MT-07 ina 140. Tofauti hizo ni ndogo, lakini matuta yetu hayasamehe hata kidogo, na katika MT-07 bomba zote mbili za moshi hupita chini ya injini, zikawa ndizo za kwanza kugusa.

Nilichukua kamba, pima maji na rula, nikapima matuta kadhaa kati ya Uyole na Kiwira asubuhi mapema, magari yakiwa machache. Njia ni rahisi: kamba inavutwa kati ya pointi mbili zenye umbali wa milimita 1,400, ambao ni umbali kati ya ekseli za MT-07, pointi hizo zikiwa kila upande wa kilele cha tuta, kisha unapima kilele kinaivuka kamba kwa kiasi gani. Matuta mapana yaliyojengwa vizuri hayakufika sentimita 8, kwa sababu magurudumu yenyewe bado yako kwenye mteremko wa tuta wakati tumbo linapita juu. Yenye matata ni membamba na ya mkato, hasa yaliyowekwa na wanakijiji baada ya ajali, na moja lilikaribia sentimita 12. Springi zikibonyea sentimita 2 au 3 kwa uzito wa watu wawili, milimita 140 hazibaki 140. Hitimisho langu ni kwamba zote tatu zinaweza kupita kama mwendeshaji atapunguza mwendo kabla ya tuta, akaachia breki juu yake ili springi za mbele zisibonyee, na kama springi ya nyuma itakazwa abiria anapopanda. Bamba la alumini la kukinga bomba limeingia kwenye bajeti.

Mke wangu aliingia kwenye mradi rasmi mwezi huu kwa kuangalia picha za viti.

"Baba Tumaini, hiki ni kiti au ni ubao wa kukatia nyanya?"

Ana haki. Pikipiki wazi hutengenezwa ili zionekane fupi na zimekusanyika, na anayelipia umbo hilo ni abiria. SV650 ndiyo yenye kiti cha nyuma chenye ukarimu kuliko hizo nyingine. Mama Tumaini ameweka sharti la nne: hakuna kununua kabla hajakaa juu yake mwenyewe, milimani, si dukani.

Aprili

Nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli za kazi nikapata nafasi ya kuona SV650 ya mkononi. Pikipiki yenyewe ilikuwa safi, lakini namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu haikulingana na ya kwenye kadi, na muuzaji alikuwa na maelezo mengi. Nilimshukuru nikaondoka. SV650 ilibaki kwenye orodha, ingawa kuna jambo moja linalonipa shaka kwa barabara za Rungwe: silinda yake ya mbele imelala nyuma tu ya gurudumu la mbele, na katika matoleo ya awali maji ya mvua yalijulikana kuingia kwenye shimo la plagi hiyo mpaka injini ikabaki na silinda moja. Wenye nazo huongeza madigadi ya mbele kwa kipande cha plastiki na tatizo huisha. Ni dawa rahisi, lakini ningependa injini isiyoihitaji.

Jaribio lenye uzito lilifanyika Iringa. Jamaa yangu wa huko anayo MT-07 ya mwaka 2018, na alitukubalia tuipande kutoka Ipogolo, chini karibu na Mto Ruaha Mdogo, hadi mjini, njia fupi yenye mwinuko mkali na kona za kubana ambayo kila anayeingia Iringa anaijua. Nikiwa na mke wangu nyuma, gia ya tatu, nyuma ya lori la mbao, kasi ilikuwa kilomita 35 hivi. Lori lilipoingia pembeni kutupisha nilifungua mkono kidogo tu, bila kugusa gia, na pikipiki ikapita kwa utulivu ambao sikuwahi kuupata katika miaka yangu yote ya pikipiki. Injini haikupiga kelele. Hakukuwa na kungoja. Nilipofika juu nilikuwa nimeshaelewa kwamba hesabu za Desemba zilikuwa sahihi.

Mama Tumaini alisema kiti ni kidogo lakini si kigumu, na kwamba anachokikosa ni mahali pa kushika, kwa sababu mkanda uliopo juu ya kiti haumsaidii mtu breki zinapokamatwa. Alitaka reli ya kushikia pande zote mbili. Akipata reli, alisema, Tukuyu kwa mama atakwenda.

Mei

Uamuzi umefanyika: MT-07, toleo la mwaka 2018 au 2019. Toleo la 2018 ndilo lililorekebishwa springi za mbele na shokapu ya nyuma, ambazo katika yale ya mwanzo zilikuwa laini mno kwa watu wawili, na toleo la 2021 lenye taa mpya na diski kubwa zaidi limevuka bajeti yangu ya shilingi milioni 18, kiasi ambacho lazima kitoshe pia kwa ushuru, usajili, kofia na koti.

Nimeagiza kutoka Japani. Huko huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo mwanga hafifu wa taa ya mbele huangaza kushoto, pembeni mwa barabara, badala ya kuwapiga machoni wanaokuja, kasoro ninayoiona kwenye magari yaliyotoka nchi zinazoendesha kulia. Katika karatasi za mnada nilitazama mambo matatu kwa ukali: kutu kwenye mirija ya springi za mbele, kwa kuwa ikifika kwenye sili oili huvuja, alama za kuanguka kwenye ncha za usukani na kwenye kifuniko cha injini, na pete yenye matundu kwenye gurudumu la mbele, ambayo ndiyo kihisio cha ABS husoma. Japani iliuza MT-07 zenye ABS na zisizo nayo, na picha ya pete hiyo ni ushahidi ninaouamini kuliko neno la tangazo. Reli ya abiria imeagizwa pamoja na pikipiki, kadhalika cheni moja, pedi za breki na vichujio vya oili. Tairi la nyuma la akiba litafuata baadaye.

Juni na Julai

Pikipiki iko baharini, na Mbeya iko kwenye baridi yake. Muda huu umetumika kwa mavazi na karatasi. Kofia yenye alama ya ECE, kiwango cha usalama cha kofia kinachotumika Ulaya, imepatikana kwa shida, koti lenye kinga za mabega na viwiko limepatikana kwa urahisi zaidi, na glavu ndizo nilizozipa umuhimu ambao wengi hawaupi, kwa sababu kwenye pikipiki isiyo na kava vidole hupokea upepo wote wa Isyonje alfajiri, na kidole kilichokufa ganzi hakiwezi kupima breki. Leseni yangu ina daraja A, linalohusu pikipiki zinazozidi cc 125, kwa hiyo hakuna mtihani mpya kwa upande wa sheria.

Kwa upande wa ushuru, wakala wa forodha alinipa hesabu kamili kabla ya meli kufika, VAT ya asilimia 18 ikiwamo, na nilimwomba aiandike mstari kwa mstari ili nijue kila shilingi inakwenda wapi. Kwa mtu anayefikiria mradi kama huu, hesabu hiyo iombwe kabla ya kulipia pikipiki.

Agosti

Imefika, imesajiliwa, ina namba ya MC kama Boxer. Kutoka Dar ililetwa juu ya lori la mizigo, ikiwa imefungwa vizuri. Fundi wangu aliishusha kwa mikono yake, akamwaga oili ya zamani na kuweka mpya, lita 2.6 pamoja na kichujio, akalainisha cheni na kukaza kila boliti inayoonekana, na kwa kuwa hakuna kava, zinaonekana karibu zote.

Wiki za kwanza nimezitumia kwa breki. Nishati ya chombo huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa kasi imeongezeka kwa robo tu, lakini kazi ya breki imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Mkono uliozoea breki ya ngoma ya Boxer una mazoea ya kubana kwa nguvu zote, na diski mbili za milimita 282 hazitaki hivyo. Kwenye sehemu zilizonyooka za barabara ya Chunya, mahali penye magari machache, nimejifunza upya kubana kwa hatua, uzito ukishaingia mbele ndipo nguvu iongezwe, na nimeiruhusu ABS ifanye kazi makusudi, mbele na nyuma, ili mtetemo wake kwenye lever usinishtue siku ya dharura. Mafuta yanakwenda lita moja kwa kilomita 22 au 23, nusu ya umbali wa Boxer, jambo nililolitarajia na ninalolilipia kwa moyo mweupe.

Safari ya Tukuyu tumeifanya, Mama Tumaini akiwa nyuma ameshika reli yake. Tumbo limegusa tuta moja tu, lile la sentimita 12, na limegusa polepole. Bamba la alumini linakatwa sasa hivi SIDO, shirika la viwanda vidogo. Litafungwa kwa nafasi ya kutosha ili joto la bomba lisizuiwe na tope litoke kwa maji. Baada ya hapo ni kuagiza tairi la 180/55, kupata mikromita ya mzee, na kupima kama kioo kidogo cha upepo kinafaa kwa njia ya Makambako kabla mvua za Novemba hazijaanza.